Siku Sikio Langu Lilipobaki Kwenye Nguzo ya Tenti

Hii aibu ningeificha, haki ya Mungu ningeificha mpaka kaburini, lakini utaficha nini wakati nusu ya soko la Kalerwe ilikuwa imekaa pale kwenye viti vya plastiki inaangalia? Kuna watu walikuja kula pilau tu, hata jina la mwanangu hawalijui, na leo wakinipita na boda wanageuza shingo kunitazama mpaka boda inataka kuingia mtaroni. Basi afadhali mnisikie mimi mwenyewe, maana wale wengine wanaongeza chumvi, na kuongeza chumvi ni kazi yangu, siyo yao.

Mimi nauza sombe. Majani ya muhogo, nasaga, nafunga kwenye vifuko, Wakongomani wote wa Kampala wananijua. Nilifika hapa kutoka upande wa Bukavu na masikio mazima kabisa, masikio ya kusikia panya wa jirani akikohoa. Halafu malaria ikanikamata, tena si malaria ya watu, malaria ya tembo, wakanitundika kwinini, chupa inaisha wanaleta chupa, nikapona. Ila nilipoamka dunia ilikuwa imezimwa. Nikasema ni umeme umekatika (sijui umeme na sauti vinahusiana wapi, lakini mgonjwa ana akili gani?). Mke wangu amesimama pale anafungua mdomo na kufunga kama samaki, na mtoto wetu Neema, bado mdogo, meno ya mbele hana, ananivuta kidole.

Mke wangu naye baadaye akatuacha, Mungu amlaze pema. Tukabaki wawili. Na huyo Neema ndiyo akawa masikio yangu. Shule ya viziwi hatukwenda, mimi mwenyewe shule niliiona kwa nje nikipita, basi tukajitengenezea lugha yetu ya mikono, lugha ya nyumba moja tu, haipo mahali pengine duniani. Akijaza mashavu upepo, mama mwenye nyumba anakuja. Akipitisha kidole begani, askari wa jiji, kunja turubai tukimbie. Akinishika kidevu, Papa, unapiga kelele, watu wanatuangalia. Sokoni waliniita Kasiru, yaani bubu, mimi! Mimi mwenye mdomo unaoongea kuliko redio tatu! Lakini sikujali, nilikuwa na mtoto ambaye vidole vyake vilikuwa vinanipigia umbea wa soko lote tangu asubuhi, na tunacheka sisi wawili kama wezi.

Sasa wakaja wale madaktari na mashine yao. Wanakupasua nyuma ya sikio, wanaingiza waya mpaka ndani huko ambako hata mawazo hayafiki, kidonda kikipona unavaa kwa nje kitu kama konokono nyuma ya sikio, na kutoka kwa huyo konokono kuna kawaya kenye kifungo cha sumaku kinachojibandika kichwani. Sumaku kabisa! Ukipita karibu na sufuria unajishika kichwa. Wakanipima, wakasema huyu anafaa. Wenzangu sokoni wakaniambia kwa ishara, usikubali, watakutoa ubongo, watakuwekea redio. Mimi nikakubali kwa sababu moja tu, na hiyo sababu sikumwambia mtu. Sauti ya Neema niliyokuwa nayo kichwani ni ya mtoto asiye na meno, anaita sombe "thombe". Yule mtoto ameshakuwa mwanamke, anasuka watu nywele, wanaume wanampigia honi, na mimi baba yake sauti yake ya ukubwani siijui.

Siku ya kuwasha mashine tukaingia kwenye kachumba, dada wa mashine na kompyuta yake, mimi kwenye kiti, Neema mbele yangu amevaa vizuri kama anakwenda kanisani. Yule dada akabonyeza.

Mama yangu. Kama mtu amemwaga sahani za bati kwenye ngazi, na mle kwenye sahani kuna kuku, na kuku wamefungwa kwenye ndoo. Nikashika kiti. Nikamwangalia Neema, mdomo wake unatikisika, machozi yanamwagika mpaka kwenye kola, na kila mdomo ukitikisika ndani ya kichwa changu msumari unakwaruza bati. Nikasoma midomo yake. "Papa, unanisikia?"

Ningefanya nini, nyinyi niambieni. Nikasema, "Ndiyo mama. Nakusikia. Ni sauti yako kabisa."

Hiyo ndiyo kosa yenyewe. Ndiyo moja tu, ndogo, ya kumfurahisha mtoto. Kila kitu kilichokuja nyuma kimezaliwa na hiyo ndiyo.

Yule dada wa mashine alieleza vizuri, Neema akanitafsiria kwa mikono: Papa, anasema mwanzoni ni kelele tu, ni kawaida, kichwa lazima kijifunze upya kama mtoto mchanga, itachukua miezi, na kila ukija umwambie ukweli, ili aipange mashine sawa. Nikaitika. Halafu akanipima. Akasema ukisikia mlio, inua mkono. Ile milio mingine nilisikia, mingine wapi! Lakini nikaona kitu. Yule dada akitaka kubonyeza, bega lake la kulia linashuka kidogo. Basi bega likishuka, mimi mkono juu. Bega, mkono. Bega, mkono. Akafurahi, akanipigia makofi. Ulikuwa mtihani wa kwanza mimi kupasi tangu nizaliwe. Kwa hiyo mashine yangu ilipangwa kwa bega la mtu, haikupangwa kwa sikio langu, na kila mwezi nikirudi naangalia tena bega, na yeye anaongeza pale pasipotakiwa na anapunguza pale panapotakiwa.

Nyumbani ndiyo nilielewa nimejifanyia nini. Yule dada alikuwa amemwambia Neema, mzungumzishe kwa mdomo, mikono punguza, ili sikio lifanye kazi. Na Neema ni mtoto wa kutii. Mikono ikanyamaza. Anaosha vyombo amenipa mgongo, anaongea. Anasuka mteja, anaongea. Jioni tunachambua majani ya muhogo, kichwa ameinamisha, anaongea, anaongea, mambo marefu ya moyo, naona tu mabega yanapanda na kushuka, na mimi kichwani ni kwa-kwa-kwa ya kuku kwenye ndoo. Akinyamaza najua ni zamu yangu. Nasema, "Ndiyo mama, hiyo kitu nzuri sana." Anainua macho, ananiangalia, anarudi kwenye majani.

Zamani nilikuwa kiziwi mwenye mtu. Sasa nikawa nasikia kelele za Kampala nzima, na mtu sina.

Umwambie nani? Kanisani walinisimamisha mbele, wakanishukuria Mungu kwa ngoma, mchungaji akanikumbatia mpaka konokono ikaanguka. Utashika maiki useme, ndugu zangu, mnalia kama kuku? Sokoni waliokuwa wananigusa bega wakitaka sombe sasa wanapiga kelele wakiwa mbali, nisipogeuka wanasema, huyu Kasiru amekuwa na maringo tangu apewe mashine. Nilikuwa naingia chooni, natoa konokono, naitia mfukoni, nakaa kwenye kimya changu nalia kidogo, nanawa uso natoka. (Choo cha Kalerwe. Fikirieni mtu anaona ni mahali pa kupumzika.)

Basi hapo ndipo akaja Ocen. Kijana mwanajeshi, baba yake pia alikuwa mwanajeshi, watu wa kaskazini, heshima nyingi, Kiswahili chao ni cha kambini, kimenyooka kama bunduki. Anampenda Neema, Neema anampenda, hiyo hata kiziwi anaona. Nilijua amepanga nyumba Bukoto, nikasema moyoni, Bukoto ni hapa tu, nitatembea kwa miguu na kifuko changu cha sombe, nitakula kwao kila Jumapili mpaka wanifukuze.

Siku ya utambulisho, watu wa Ocen wanakuja kumwomba Neema rasmi, tenti mbili kwenye uwanja wetu, wageni wanaangalia huku, sisi tunaangalia kule. Kabla watu hawajafika Neema akanishika uso kwa mikono miwili, akaongea polepole ili nisome mdomo. "Papa, leo utajibu mwenyewe. Si msemaji. Nataka watu wasikie mdomo wako."

"Ndiyo mama," nikasema. Si mnanijua.

Dada yangu mdogo, Tantine Faida, kwa upendo wake akaniweka kiti cha mbele kabisa, kando ya spika, ili kaka yake asikie vizuri. Ile spika ilikuwa kubwa kuliko friji. Ilipowashwa, haki ya Mungu niliona rangi. Niliona babu yangu. Nikapeleka kidole taratibu kama najikuna, nikazima konokono. Kimya. Kimya kitamu kama maji ya mtungi. Nikabaki nayo kichwani kama pambo tu.

Sasa nitajuaje wakati wa kucheka? Nikachagua mtu. Upande wa wageni, mbele yangu kabisa, kulikuwa na mjomba wa Ocen, jitu kubwa, shati ya kitenge yenye picha za samaki. Nikasema huyu ndiye rimoti yangu. Akicheka nacheka. Akipiga makofi napiga. Ikaenda vizuri sana, mpaka nikaanza kujisifu, naona Tantine Faida ananiangalia kwa furaha, kaka anafuata kila kitu!

Halafu MC akasimamisha watu wote, na mimi nikasimama, na yule mjomba nikamwona anainama, mabega yanamruka-ruka. Nikasema eh, hii kichekesho lazima ni kali. Nikaachia kicheko, tena kile cha tumbo, kichwa nyuma, mdomo wazi. Nilipoteremsha kichwa nikaona watu wote macho yamefungwa, isipokuwa wale waliofungua kuniangalia mimi. Kumbe wanamwombea mama yake Neema. Mke wangu. Kumbe yule mjomba alikuwa anakohoa.

Watu wakanisamehe, wakasema ni uchungu, mjane huwa hivyo. Tantine Faida akanipa leso. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikamrudia mjomba kwa bidii zaidi, sasa namwangalia bila kupepesa macho.

Ikafika wakati wageni wanapiga magoti kuomba binti. Ni desturi, upande wa mwanaume unapiga magoti, upande wa binti unabaki umekaa kwenye viti vyake kama wafalme. Mjomba akainuka, nikainuka. Mjomba akasogea mbele, nikasogea. Mjomba akapiga magoti. Na mimi baba mwenye binti, na suti yangu ya kuazima, nikapiga magoti mbele ya tenti yangu mwenyewe, nimeweka mikono kifuani naomba nipewe mtoto wangu.

Uwanja ulikufa kwa kicheko. (Maneno yote yaliyosemwa hapo Tantine Faida alinielezea baadaye, na alifurahia kidogo kunielezea.) MC akasema, "Wageni, mmekuja kuchukua binti, baba naye anaomba mumbebe!" Na mzee wao mmoja akajibu, "Sisi gari letu ni dogo, baba tutamrudia kesho!" Mimi naona tu meno, meno kila upande, nikacheka na wao. Nikashika nguzo ya tenti, ile ya chuma, nijivute nisimame, kichwa changu kikaipita karibu.

Sumaku ikafanya kazi yake. Ile kifungo ikaacha kichwa changu, ikajibandika kwenye nguzo, paa! na konokono ikachomoka sikioni ikabaki inaning'inia na kawaya kake kama popo. Mimi sikuhisi kitu. Nikarudi kwenye kiti nikakaa, nimekunja nne. Sikio liko kule kwenye nguzo, mwenyewe niko huku.

Na MC, ambaye alikuwa amenipa mgongo anachezesha watu, akageuka na maiki, akaja mpaka mbele yangu, akauliza lile swali. Nikaona mdomo wake umesimama. Zamu yangu. Nikasema kwa sauti ya kufika Bukavu, "Ndiyo! Hiyo kitu nzuri sana!"

Hakuna aliyepiga makofi. Wote wanaangalia nguzo. Nikageuka na mimi kuangalia wanachoangalia.

Neema alikuwa amesimama mlangoni na gomesi yake, lile gauni la sherehe la mabega yaliyochongoka, na shangazi zake pembeni, wakati wa yeye kutoka. Akatembea kati ya tenti mbili, peke yake, kitu ambacho hakifanywi, akabandua sikio langu kwenye nguzo kama mtu anachuma embe, akaliangalia. Akaona taa yake ndogo imezimwa. Akanishika mkono wa suti, akanipeleka nyuma ya jikoni, pale kwenye masufuria, wapishi wakatupisha.

Akaongea kwa mdomo na kwa mikono pamoja, mikono ya zamani, ila ilikuwa na hasira, vidole vilikuwa vinanikata.

"Papa, tangu lini husikii?"

"Nasikia kuku," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Akakaa kwenye gunia la makaa. Na gomesi ile. "Jioni zote zile," akasema, "nilikuwa naongea na nani?"

Nikaangalia masufuria.

"Unajua MC amekuuliza nini sasa hivi? Amekuuliza kama unakubali niende Moroto."

Moroto! Jamani, mimi Moroto sijui hata iko upande gani wa jua, najua tu ni mbali, kwa wafuga ng'ombe, kule mwisho. "Moroto kufanya nini? Si Bukoto?"

"Ocen amehamishwa, Papa. Nilikuambia. Tunachambua majani nikakuambia, nikakuuliza, utaweza kukaa peke yako? Nikakuambia ukisema hapana, namwambia Ocen aende, mimi nabaki mpaka arudishwe Kampala, hata miaka. Nikanyamaza nikangoja. Ukasema, ndiyo mama, hiyo kitu nzuri sana. Ukatabasamu." Akafuta pua na mkono. "Nikafikiri umenichoka. Nikasema sawa, Papa amepata masikio, mimi ananihitaji tena kwa nini?"

Mimi ni mtu wa maneno. Hata nilipokuwa siwezi kusikia mwenyewe ninachosema nilisema. Pale nyuma ya jikoni maneno yaliisha yote, nikabaki na mikono tu.

"Sasa nijibu," akasema. "Watu wanangoja. Niende?"

"Ndiyo."

"Ndiyo ya kweli ama ndiyo ya mashine?"

Nikamwambia kwa mikono yetu, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa umezoea uongo. Sitaki uende. Nitakufa na upweke. Unampenda? Akasema anampenda. Nikamwambia, basi nenda, lakini ujue sitaki. Akanishika kidevu, ile ishara ya Papa unapiga kelele, na mimi nilikuwa sijatoa sauti hata kidogo.

Tukarudi. Neema akavuta kiti akakaa pembeni yangu, bi harusi kwa upande wa baba, wageni wananong'ona, Tantine Faida ananyonya meno. Akanitafsiria kila neno mpaka mwisho, hata matusi. MC akarudia swali lake, nikaangalia mikono ya mwanangu, nikajibu mwenyewe kwa mdomo wangu kama alivyotaka. Watu wakapiga makofi. Mimi sikuona cha kupigia makofi.

Neema akaenda Moroto. Nimerudi kwa dada wa mashine nikamweleza habari ya bega lake. Alinifokea mpaka akatoa jasho, akaniambia nimepoteza miezi yote ile bure, akanigeuza niangalie ukuta, akaanza kupanga upya. Sasa kuku wametoka kwenye ndoo. Nasikia maji yakimwagwa, nasikia honi, nasikia mashine yangu ya kusaga. Maneno bado, neno moja moja linapita kama mtu unayemfahamu kwenye umati, ukigeuka hayupo. Wananiambia endelea, zungumza na watu wa nyumbani kwako. Nyumbani kuna mimi na turubai.

Nimeapa, ile ndiyo ya kufurahisha watu sitaisema tena maisha yangu. Mtu akiniuliza umesikia, nasema sijasikia, rudia. Akirudia, nasema rudia tena. Mteja akichoka akaenda kwa jirani, aende. Wengi wamekwenda.

Jumapili hii Neema alipiga simu ya picha ili nione mikono. Mtandao wa huko Moroto wenyewe ni wa kuomba. Picha ikaganda, mikono yake imesimama hewani katikati ya neno, inabaki sauti tu. Nikajua ni swali, maana sauti ilipanda mwishoni, hiyo siku hizi nasikia. Nikaweka simu karibu na konokono. "Sijasikia, mama. Rudia." Akarudia. "Sijasikia. Rudia." Akarudia, mara ya mwisho polepole, nafikiri alikuwa analia au ni mtandao, halafu simu ikakatika, na kupiga tena haikuingia.

Mpaka leo sijui aliniuliza nini.